Taji la Mtukufu Kipanga na Shingo ya Bi Sikudhani

Iko nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni, kwa kuwa ramani imekunjwa hapo hapo ilipo. Jina lake halitajwi. Si kwa woga, la hasha. Ni kwamba jina hilo hubadilishwa kila Mtukufu anapoota ndoto, na Mtukufu hulala sana. Atakayesema anaijua nchi yenyewe, hiyo ni shauri yake na roho yake.

Katika nchi hiyo muhuri hutangulia, maneno hufuata nyuma. Kwingine mtu huandika barua kwanza, mkubwa akaisoma, kisha akaigonga muhuri. Huko waliona huo ni utovu wa adabu: vipi maneno ya mtu mdogo yatangulie kufika mahali ambapo Mtukufu hajafika? Basi kila asubuhi Mtukufu Kipanga, wa Kwanza na wa Mwisho, aliletewa karatasi tupu, akazitazama kwa makini weupe wake, maana sheria ilidai azitazame kwa macho yake mwenyewe, akazigonga moja moja. Ndipo zikashuka kwa mawaziri, kwa makatibu, kwa makarani, mpaka zikamfikia yule wa chini kabisa, ambaye ndiye peke yake aliyejua kuandika. Na karatasi ikishagongwa haikosolewi, haifutwi wala haichanwi, kwani kuikosoa ni kusema Mtukufu aliridhia asichokijua. Kweli alikuwa hakijui, lakini sheria ilisema anakijua, na sheria ilikuwa imegongwa muhuri.

Huyo wa chini kabisa, katika Idara ya Kamusi ya Taifa, aliitwa Ngwali Mshamu. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio la kushoto, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitunga kamusi ya nchi ambayo sasa ilikuwa imefika herufi T. Kazi alifundishwa na Bi Ruzuna, mwanamke mkali asiyependa maskhara, aliyemwachia vitu viwili: kigoda cha miguu mitatu na kanuni. Kigoda kilikuwa cha shahidi. Kanuni ilisema hivi: neno haliingii kamusini mpaka mtu anayeishi nalo akalie kigoda, aonyeshwe kitu chenyewe, aulizwe "Hii ni nini?" na "Nani alikufundisha?", kisha mwandishi afumbe mdomo, aandike neno kwa neno, na amsomee shahidi alichoandika.

Bi Ruzuna alifika herufi M. Akamkalisha shahidi wa neno "mateso", akaandika neno kwa neno, na tangu siku ile yuko kisiwa fulani anatazama ndege kwa faida ya taifa.

Ngwali aliielewa salamu. Kigoda akakisukumia nyuma ya kabati. Alipoagizwa arudi nyuma ayasahihishe maneno ya Bi Ruzuna, yaliyoandikwa kabla ya sheria ya muhuri, aliyasahihisha. Na alipoendelea mbele, aliendelea kwa tahadhari. "Njaa," akaandika, "ni ugonjwa wa nchi jirani." "Dhiki: hali iliyokuwapo kabla ya kuzaliwa kwa Mtukufu." "Gereza: chuo cha bweni kwa watu wazima." "Kura: shangwe ya kila miaka mitano." Maneno thelathini na saba aliyaharibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri sana. Orodha yao aliificha ndani ya kopo la biskuti chini ya meza. Kila alipoligusa kopo lile kwa mguu aliona haya, akavuta mguu. Watu walimwita msomi, naye akaitika, lakini moyoni alijijua kuwa ni mwongo mwenye kalamu.

*

Mwaka wa ishirini wa utawala wake, Mtukufu Kipanga aliagiza taji kutoka ng'ambo. Lilipokelewa uwanja wa ndege kwa mizinga kumi na saba. Lilipewa gari lake, walinzi wake, na daktari wake wa kulipima joto asubuhi na jioni, katika nchi ambayo hospitali ya mkoa ilikuwa na daktari mmoja, naye ndiye huyo aliyechukuliwa.

Mtukufu alilivaa mbele ya kioo, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, kisha akauliza kama mtu anayejipa raha: "Hivi neno hili, taji, limetoka wapi?"

Kumbe alikuwa anajiuliza tu. Lakini ikulu nzima ilitoka mbio, na saa moja baadaye Mheshimiwa Daktari Mapepe, Waziri wa Maneno, Misemo na Makofi, alikuwa anahema mlangoni mwa Ngwali. Udaktari wake aliupata kwa kuuomba.

"Ngwali, nisomee taji."

Ngwali akavuta droo, akatoa kadi ya zamani ya matayarisho, iliyoandikwa na Bi Ruzuna mwenyewe kabla ya safari yake ya ndege. "'Taji: kofia ya kifalme. Neno lililofika kwetu na wafanyabiashara wa ng'ambo, nao walilipokea kwa majirani zao.'"

Waziri akashika kifua. "Kwa hiyo kichwani mwa Mtukufu kuna neno la kuazima?"

"Mheshimiwa, maneno hutembea. Hata neno 'waziri' lilikuja kwa njia hiyo hiyo."

"Usinihusishe!" Waziri aligeuka kuangalia kama kuna aliyesikia. "Sikiliza, ndugu yangu. Utafiti umekwisha kukamilika. Kilichobaki ni kuufanya. Imegundulika kwamba neno hili lilibuniwa kijijini Chambavuzi na babu yake Mtukufu, siku alipokuwa anachunga mbuzi. Shahidi ameshapatikana, bibi kikongwe kuliko wote kijijini. Utakwenda na kigoda chako, utamhoji kwa kanuni zako zote, maana mabalozi watakuwepo, na mabalozi wanapenda kanuni. Kadi yake itasomwa uwanjani siku ya sherehe ya utawala, taifa zima likisikia."

Akaweka mezani bahasha nene. "Kadi hamsini, zimegongwa tayari. Moja ingetosha, lakini mkono wako usije ukatetemeka."

"Na kama bibi atasema vingine?"

Daktari Mapepe alicheka mpaka tai ikapinda. "Amefundishwa wiki tatu. Na Bi Ruzuna ananisalimia kwa barua kila mwezi. Anasema kule kisiwani kuna nafasi bado."

*

Chambavuzi hakukuwa na maji. Chemchemi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, kwa sababu kurudi kuna mzigo. Kila sherehe ya utawala serikali ilifika ikaweka jiwe la msingi la mradi wa bomba, ikapiga picha, ikaondoka. Mawe yalikuwa yamefika kumi na moja. Akina mama, ambao hawapendi kitu kizuri kipotee, walikuwa wameyafanya mafiga.

Safari hii bomba liliahidiwa kwa sharti: Bi Sikudhani aseme vizuri. Alikuwa na miaka tisini na kitu, mfupi, amesimama wima kama mchi. Mwalimu aliyeletwa kumfundisha alimkaririsha maneno asubuhi na jioni mpaka kuku wa jirani wakayajua. Lakini kitu chenyewe hakuonyeshwa. Kuonyesha taji kulihitaji kibali, kibali kilihitaji kamati, na kamati ilikuwa bado inajadili posho ya kamati.

Siku ya mahojiano ikafika. Mabalozi wakakaa kivulini, bendi ya polisi ikajipanga, gari la taji likaegeshwa kando ya kigoda. Waziri alikuwa ameamuru bendi ipige kwa nguvu zote mara tu sanduku la kioo litakapofunuliwa, asije mtu akaliona taji kimya kimya.

"Shikamoo, bibi," alisema Ngwali.

"Marahaba, mwanangu. Kigoda chako kimelegea mguu mmoja."

"Kilikaa siku nyingi bila kazi." Ngwali akatoa kadi, akavua kofia ya kalamu. Daktari wa taji akafunua sanduku. Bendi ikalipuka kwa tarumbeta na ngoma, na kuanzia hapo hakuna aliyesikia kitu isipokuwa wale wawili walioinamiana.

"Bibi, hii ni nini?"

Bi Sikudhani alilitazama duara lile la dhahabu, na tundu lake katikati. Akatazama juu yake, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Hii ni ngata," alisema.

Ngata kila mtu wa huko anaijua: kitambaa kikuukuu au majani makavu ya mgomba, unayasokota duara, unayatua utosini, ndoo ikakaa juu. Bi Sikudhani alikuwa nayo moja pale pale, begani. Akailinganisha na ile ya dhahabu, akatikisa kichwa.

"Ngumu mno. Itamuumiza. Huyu mwenyewe anabeba nini?"

Kanuni ilimtaka Ngwali afumbe mdomo, lakini bibi alikuwa anangoja jibu. "Habebi kitu, bibi."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Basi ni ngata ya asiyebeba kitu," alisema bibi, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja aina ya ndizi. "Ndiyo kwanza ninaiona."

Ngwali akaja kwenye swali la pili. "Nani alikufundisha?"

"Nani wa kunifundisha ngata? Shingo yangu. Imebeba maji miaka themanini." Kisha akamsogelea, akanong'ona. "Na yale mengine ya babu na mbuzi, niyaseme sasa au tungoje bomba kwanza?"

"Yaseme sasa, bibi."

Akayasema yote, mfululizo, kama mtoto wa madrasa. Ngwali akaandika yale ya babu na mbuzi. Mwandiko ukatoka mzuri, kama siku zote. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akamsomea.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni ya Waziri. Yangu umeyaweka wapi?"

Maneno thelathini na saba aliyoyaharibu, Ngwali aliyaharibu ofisini, mbele ya ukuta. Ukuta haukuwahi kumuuliza kitu. Sasa mwanamke asiyejua kusoma alikuwa anaitazama kadi ile upande wa juu na upande wa chini, anayatafuta maneno yake kwa macho kama mtu aliyedondosha sindano. Ngwali aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na nyuma ya haya ikaja hasira, na hasira ile ikawa tamu.

"Yangu si mengi," alisema bibi. "Hayawezi kukosa nafasi."

Kuchana kadi yenye muhuri ni uhaini. Kuifuta ni uhaini. Kuichoma ni uhaini na uchafuzi wa hewa. Ngwali akazipitia sheria zote kichwani, akagundua kwamba hakuna iliyokataza kuila. Akaikunja mara nne, akaitia mdomoni, akatafuna. Muhuri ulikuwa mchungu, lakini uliteremka.

Akatoa kadi nyingine, akaandika, akasoma kwa sauti. Bi Sikudhani akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akachovya kidole gumba katika wino, akakibandika chini ya muhuri wa Mtukufu.

Bendi ikanyamaza. Waziri akaja, jasho linamtiririka kwa kuimba na bendi.

"Amesema?"

"Amesema, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote, na zaidi."

"Safi sana." Waziri akaipokea kadi, akaubusu muhuri, akaitia mfukoni bila kuisoma. Kuisoma kungekuwa kumshuku aliyeigonga.

*

Siku ya sherehe uwanja ulifurika, kwa kuwa aliyebaki nyumbani alihesabiwa kuwa mgonjwa na wagonjwa walifuatwa. Bi Sikudhani alikaa jukwaani kama shahidi wa taifa. Alikuwa ameletwa mjini kwa gari la taji, taji likiwa kiti cha mbele. Ngwali alisimama nyuma ya nguzo. Alijua kwamba kadi ile ikisomwa, kisiwa kinamwita. Alijua pia kwamba hataki kuirudisha.

Daktari Mapepe alihutubia saa mbili na nusu. Alisema kwamba kabla ya Mtukufu vichwa vilikuwepo lakini havikuwa na maana. Alisema kwamba jua lenyewe huchomoza ili kumwona. Mwisho akampa kadi Msomaji Mkuu wa Taifa, mtu aliyechaguliwa kwa sauti yake nene na uwezo wake wa kusoma bila kufikiri.

"TAJI," alinguruma Msomaji Mkuu, na vipaza sauti vikapeleka hadi vilimani. "NGATA YA ASIYEBEBA KITU. ASILI YA NENO: SHINGO YA BI SIKUDHANI WA CHAMBAVUZI, ILIYOBEBA MAJI MIAKA THEMANINI."

Halafu, upande wa nyuma kabisa, mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mtukufu Kipanga akageuka polepole, taji likimeta. "Nani amesema maneno haya?"

Waziri alipiga magoti. "Ni... ni wewe, Mtukufu. Muhuri ni wako."

"Mimi?"

"Uliyaridhia kabla hayajazaliwa. Ndiyo hekima yako."

Mtukufu akaipokonya kadi, akautazama muhuri wake. Akisema kadi ni uongo, basi muhuri ni uongo. Na muhuri ukiwa uongo, yeye ni nani? Aliipenda nafsi yake kuliko kitu chochote, na kwa kuipenda akanaswa.

Mapepe, ambaye miaka yote aliishi kwa kupenya pasipo na mlango, ndiye aliyepata dawa. "Mtukufu, kadi haibadiliki. Lakini wewe hushindwi na kitu. Beba kidogo tu, watu waone, na maneno yatakuwa yamepitwa na wakati!"

Ukatafutwa mzigo unaofaa hadhi. Ililetwa Katiba. Ilikuwa imefanyiwa marekebisho mengi hivi kwamba zilibaki karatasi tatu na jalada, na ilipowekwa juu ya taji upepo uliichukua, ikapotelea upande wa vyoo. Hakuna aliyeifuata. Ndipo Bi Sikudhani, kwa nia njema kabisa, akamsogezea Mapepe ndoo ya mfagiaji iliyokuwa kando ya jukwaa, imejaa maji nusu.

"Jaribu hii, mwanangu. Nusu tu. Mimi nilianza na nusu, nikiwa na miaka saba."

Mawaziri wanne wakaiinua. Wakaitua juu ya taji. Mtukufu Kipanga, ambaye shingo yake haikuwahi kubeba hata leso yake mwenyewe, akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akina mama elfu kadhaa, bila kupenda, wakanyoosha shingo zao wenyewe kumsaidia. Hatua ya tatu dhahabu ikateleza, shingo ikalia kwa sauti iliyodakwa na vipaza sauti, na maji yakamshukia mtu mzima kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema Bi Sikudhani kwa huzuni, naye alikuwa karibu na kipaza sauti.

Hapo ndipo watu walipocheka. Walianza wa nyuma, wakafuata wa katikati, na askari waliotumwa kuwanyamazisha walirudi wamejishika mbavu. Gazeti la serikali kesho yake liliandika kwamba Mtukufu amebeba maji kwa ajili ya Chambavuzi kwa kichwa chake mwenyewe, na kwa hiyo mradi wa maji wa kijiji hicho umekamilika rasmi.

*

Daktari wa taji alilipima taji kwanza, akaliona halina dosari, kisha akaipima shingo ya Mtukufu. Akaifunga kwa mbao mbili na bandeji, uso ukitazama juu moja kwa moja. Mtukufu akawa anaona dari na nzi wa dari. Karatasi iliyo mezani alikuwa haioni, na asichokiona hawezi kukigonga. Daktari akasema itapona kwa wiki tatu.

Mapepe alikuwa tayari kutoa hati ya kumpeleka Ngwali kisiwani. Maneno yake yote yalimjaa kifuani yakamchoma. Lakini maneno hayatangulii muhuri. Alikaa barazani mwa ikulu na karatasi yake tupu, akingoja shingo ipone.

Ngwali naye aliliona hilo. Akaenda ofisini akiwa na hofu na furaha kwa pamoja, akafungua bahasha ile nene. Kadi hamsini; moja aliila, moja ilisomwa uwanjani. Zilikuwa zimebaki arobaini na nane, nyeupe, zimegongwa, na hakuna mkono katika nchi ile uliokuwa na ruhusa ya kuzifuta. Akavuta kopo la biskuti kwa mguu. Safari hii hakuurudisha mguu.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Sikudhani, ngata begani. Gari la taji lilikuwa limelirudisha taji. La kumrudisha yeye halikuwa kwenye ratiba, na mjini hakumjua mtu mwingine.

"Karibu, bibi. Nilikuwa nimepanga kukufuata." Ngwali akaupigia msumari mguu wa kigoda, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Nina maneno thelathini na saba niliyoyaharibu. Nina wiki tatu, kisha watanijia. Utanisaidia?"

Bibi akakaa, akaweka ngata mapajani. "Tuanze na lipi?"

Ngwali akafungua orodha. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko alikuwa anaujua. Kanuni ilitaka shahidi aonyeshwe kitu chenyewe, naye hakuwa na cha kuonyesha ila sahani yake ya chakula cha mchana, ambayo kwa siku kadhaa ilikuwa tupu. Akaisogeza mbele yake.

"Bibi, hii ni nini?"

Bi Sikudhani hakuitazama mara mbili. "Njaa," alisema. "Na hilo, mwanangu, kadi moja haitoshi."

"Ninazo kumi na moja za ziada," alisema Ngwali, akafumba mdomo, akaandika.